"Imepita kwa tumbili" si cheti cha usalama

Wasee, kuna sentensi imenichosha huku mtandaoni: "Dawa ilijaribiwa kwa tumbili, iko salama." Zii. Uliza kwanza: walijuaje seli za tumbili walizoangalia ni sawa na zetu?

Seli nyingi za kinga zinafanana kwa darubini. Ndio maana maabara hutumia kingamwili za monokloni, mbinu ambayo Köhler na Milstein waligundua 1975 na kuzawadiwa Nobel 1984. Kila kingamwili inashika alama moja tu kwa seli. Inafungwa rangi inayong'aa, na seli iliyoshikwa inawaka. Alama zina namba: CD3, CD4, CD28. Ni kama namba za matatu.

Lakini 46 ya Nairobi inakupeleka Kawangware. Ukiona 46 mji mwingine, utapanda tu bila kuuliza?

OKT3 ni kingamwili inayoshika CD3 ya binadamu poa kabisa. Kwa makaki, wale tumbili wa Asia, haishiki. Hapo inatumika nyingine, SP34. Na hawa tumbili wetu wa kuiba ndizi? Seli zao nyingi za CD4 zikishakuwa za kumbukumbu zinaacha kuonyesha hiyo CD4. Ukihesabu kwa namba pekee utasema zimeisha, kumbe ziko kazini.

Unadhani ni kelele za maabara? London, Machi 2006. Wanaume 6 wazima walidungwa TGN1412, dawa ya kuamsha seli T kupitia CD28. Makaki walikuwa wamepewa dozi kubwa mara 500 na wakabaki sawa. Wale 6 waliishia chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vikifeli. Wote waliokoka, lakini mmoja alipoteza vidole.

Baadaye watafiti wakaonyesha kuwa kuna kundi la seli T za kumbukumbu ambalo kwetu lina CD28, lakini kwa makaki halina. Kwa hizo seli, dawa haikuwa na pa kushika. Kimya cha makaki kikasomwa kama usalama.

Sisemi utafiti wa wanyama ufungwe. Hata hapa Karen kuna taasisi inayofanya utafiti na nyani, na hiyo kazi inahitajika. Nasema kutambua seli ndio msingi wenyewe. Ukikosea hapo, mwili wa mtu ndio unalipa, na mara nyingi ni kijana mzima aliyejitolea.

Kwa hivyo mtu akikurushia "imepita kwa tumbili", mrudishie: seli gani, na mlizijua kwa kingamwili gani? Akinyamaza, usishare.