Tuzo, Ruzuku na Kisu cha Mpasuaji wa Ubongo

Katika ngoma na taarabu za pwani, mwimbaji hutuzwa angali anaimba. Mpenzi wa wimbo huinuka kitini, akasogea mbele kwa mwendo wa madaha, akamtia mwimbaji noti mkononi, na wimbo ukaendelea kwa ari mpya. Kutuza, kwa maana hii, ni kumtia nguvu mtu aliye kazini. Katika ulimwengu wa sayansi mambo ni kinyume. Tuzo za wanasayansi aghalabu hutolewa wimbo ulipokwisha kitambo, mwimbaji amezeeka na hadhira imekwenda zake. Kile kinachomfikia mtafiti angali jukwaani huitwa ruzuku, neno lenye nasaba moja na riziki. Tofauti baina ya maneno haya mawili si suala la kamusi tu. Kwa wale madaktari wachache wanaopasua bongo za wagonjwa asubuhi na kuchunguza uvimbe maabarani jioni, tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo utafiti utafanyika au utabaki kuwa ndoto.

Mfano bora wa udhaifu wa tuzo ni Harvey Cushing, Mmarekani aliyeishi kati ya 1869 na 1939, na ambaye taaluma ya upasuaji wa ubongo humtambua kuwa baba yake. Cushing alipasua uvimbe wa ubongo zaidi ya 2,000. Kila alichokitoa alikihifadhi. Mamia ya mitungi ya vioo yenye bongo na vinofu vya uvimbe ingalipo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na picha za wagonjwa wenyewe. Mnamo 1926 yeye na Percival Bailey walichapisha uainishaji wa uvimbe wa aina ya glioma ambao ulijengewa nyingi za ainisho zilizofuata. Mwaka huo huo alianza kutumia kifaa cha umeme cha kuzuia damu kilichobuniwa na William Bovie, na uvimbe uliokuwa haugusiki ukagusika. Jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel zaidi ya mara 30. Hakuipata. Tuzo kubwa aliyoipata, na hapa wanafunzi wa fasihi wana haki ya kutabasamu, ilikuwa ya uandishi: Pulitzer ya 1926, kwa kitabu cha maisha ya daktari William Osler.

Ilhali Cushing alinyimwa, Mreno Egas Moniz alipewa. Moniz, ambaye alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu wala si mpasuaji, alivumbua mnamo 1927 njia ya kuipiga picha mishipa ya damu ya ubongo, na kwa njia hiyo madaktari wakaweza kujua uvimbe umejificha wapi kabla ya kufungua fuvu. Huo ulikuwa mchango usio na kifani. Hata hivyo, Nobel ya 1949 hakupewa kwa sababu ya picha hizo. Alipewa kwa ajili ya upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kutuliza wagonjwa wa akili, tiba ambayo baadaye iliachwa baada ya kuwaharibu watu wengi. Kamati ya wenye hekima iliona mambo mawili ya mtu mmoja, ikalivika taji lile baya. Yamkini hakuna ushahidi mkubwa kuliko huu kwamba tuzo si kipimo cha manufaa ya utafiti.

Ugonjwa wenyewe nao hauna subira ya kungojea mataji. Uvimbe uitwao glioblastoma ndio mkali zaidi miongoni mwa uvimbe unaoanzia katika ubongo wa watu wazima. Hauna ukingo. Seli zake hupenya katikati ya seli nzima kama maji yapenyavyo mchangani, hivi kwamba mpasuaji akiondoa kile anachokiona, huacha asichokiona. Mnamo 1928 Walter Dandy, mwanafunzi wa Cushing ambaye baadaye walikosana vikali, alitoa ripoti ya wagonjwa aliowaondoa nusu nzima ya ubongo upande wa kulia akitumaini kuung'oa uvimbe na mizizi yake. Uvimbe ulirudi. Dawa nazo huzuiwa na kizuizi cha kimaumbile kilichopo baina ya damu na ubongo, kile kinachoukinga ubongo dhidi ya sumu lakini kisichojua kutofautisha sumu na tiba. Hatua kubwa zaidi ya tiba katika kizazi kizima ilitangazwa mwaka wa 2005 na Roger Stupp na wenzake. Katika utafiti wa wagonjwa 573, waliopewa miale pamoja na dawa ya temozolomidi waliishi miezi 14.6 kwa wastani wa kati, na waliopewa miale pekee wakaishi miezi 12.1. Miezi miwili na nusu. Asiyejua ugonjwa huu atacheka. Anayeujua atakumbuka pia kwamba waliovuka miaka miwili walipanda kutoka asilimia 10.4 hadi 26.5.

Kwa nini basi maendeleo yawe ya kobe? Sehemu ya jibu imo katika maumbile ya uvimbe. Sehemu nyingine imo katika tabia ya wenye fedha. Henry Brem, mpasuaji wa ubongo wa Johns Hopkins, alishirikiana na mhandisi Robert Langer wa Massachusetts kutengeneza visahani vidogo vyenye dawa, ambavyo mpasuaji huviacha ndani ya shimo alimotoa uvimbe ili dawa ivuje polepole na kukikwepa kile kizuizi cha damu. Wazo hilo leo linaonekana jepesi. Lakini Langer amesimulia hadharani kwamba maombi yake tisa ya mwanzo ya ruzuku yalikataliwa, kwa kuwa wakaguzi hawakuamini kwamba mhandisi wa kemikali ana lolote la kuufunza utabibu. Mwaka wa 1995 jaribio lililohusisha wagonjwa 222 waliorudiwa na uvimbe lilionyesha kwamba waliowekewa visahani hivyo waliishi wiki 31 na wasiowekewa wiki 23. Mnamo 1996 Marekani iliidhinisha matumizi yake. Tuzo zilimiminika baadaye kwa wote wawili, tena kwa wingi. Hazikuwa na kazi tena ya kufanya. Kazi ilikuwa imefanywa na ile ruzuku ya kwanza iliyopatikana baada ya milango tisa kufungwa.

Ipo hoja inayotolewa mara kwa mara, na haifai kupuuzwa: mpasuaji apasue, mtafiti atafiti. Saa moja ya mpasuaji wa ubongo ni adimu kama lulu, na mgonjwa aliye kwenye foleni hanufaiki na panya wa maabara. Hoja hii ina uzito, hasa katika nchi zenye uhaba. Kasoro yake ni kwamba yapo maswali ambayo humjia tu yule anayeshika kisu. Walter Stummer wa Ujerumani alikabiliwa na tatizo la kila mpasuaji wa glioblastoma: chini ya mwanga wa kawaida, ukingo wa uvimbe na ubongo mzima hufanana. Akampa mgonjwa kinywaji chenye kemikali ambayo seli za uvimbe huigeuza kuwa kitu king'aacho, kisha akatumia mwanga wa buluu. Uvimbe ukawaka wekundu kama kaa la moto gizani. Katika jaribio lake la 2006, lililokuwa na wagonjwa 270, uvimbe unaoonekana uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopasuliwa kwa mwanga huo, dhidi ya asilimia 36 ya wale waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida. Mwanakemia pekee asingeliuliza swali hilo, kwa sababu hajapata kusimama mbele ya fuvu lililo wazi akijiuliza akate wapi na aache wapi. Inafaa kuongeza kwamba Marekani iliidhinisha mbinu hii mwaka wa 2017, miaka 11 baadaye!

Kinachomkosesha mpasuaji utafiti, basi, si fedha za vifaa tu bali ni wakati. Hili baadhi ya wafadhili wamelitambua. Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zina ruzuku za kuwalea madaktari watafiti ambazo kwa kawaida humtaka mpokeaji atenge asilimia 75 ya muda wake kwa utafiti. Kwa wapasuaji sharti hilo limeruhusiwa kushuka hadi asilimia 50, maana mpasuaji asiyepasua hupoteza mkono wake. Kipengele hiki kidogo cha kanuni kina thamani kuliko medali nyingi. Vyama vya wapasuaji wa ubongo vya huko navyo hutoa tuzo kwa madaktari vijana waliowasilisha makala bora kuhusu uvimbe, kama vile ile ya Preuss na ile ya Mahaley. Tuzo za aina hii zina udhuru wake: humfikia mtu mapema, angali mwanagenzi, na jina lake hutangazwa mbele ya wale watakaomwajiri. Zinakaribia kutuza kwa maana ile ya ngomani. Lakini nyaraka za kutundika ukutani hazimtoi daktari katika zamu ya usiku.

Uingereza imetoa funzo la namna nyingine. Tessa Jowell, aliyekuwa waziri na mwenye glioblastoma, alisimama katika Bunge la Malodi Januari 2018 akaomba wagonjwa wa uvimbe wa ubongo wafikiriwe. Alifariki Mei mwaka huo huo, na serikali ikaahidi pauni milioni 40 za utafiti kwa muda wa miaka mitano. Kufikia Januari 2023 pauni milioni 15 tu ndizo zilizokuwa zimetolewa. Fedha zilikuwapo, ila maombi yaliyofaulu hayakutosha. Sababu haikuwa uvivu. Fungu lililotengwa lililenga utafiti ulio karibu na kitanda cha mgonjwa, ilhali utafiti wa msingi unaozaa huo wa kitandani ulikuwa umekonda kwa miaka mingi, na watafiti wenyewe walikuwa wachache kwa kuwa hawakulelewa. Huwezi kumwaga mbegu leo juu ya shamba ambalo halikulimwa ukadai mavuno kesho. Ahadi za wanasiasa, hasa zinazotolewa matangani, hupenda kusahau jembe.

Je, Afrika Mashariki ina nafasi gani katika simulizi hii? Mfano ulio karibu hauhusu uvimbe bali maji ya kichwa ya watoto wachanga, lakini somo ni lile lile. Benjamin Warf alifanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, kuanzia 2000 hadi 2006. Hapo aliunganisha mbinu mbili za upasuaji ili kumwondolea mtoto ulazima wa kuwekewa mrija kichwani, mrija ambao ukiziba kijijini, mbali na hospitali, humuua. Madaktari wa Uganda kama John Mugamba waliendeleza kazi hiyo. Warf alipewa ruzuku maarufu ya MacArthur mnamo 2012, akiwa amekwisha rejea Boston. Ni heshima aliyostahiki. Lakini jambo kubwa zaidi lilitokea Mbale kwenyewe: kwa fedha za taasisi zile zile za Marekani, jaribio la watoto 100 lilifanywa papo hapo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2017 katika mojawapo ya majarida makuu ya utabibu duniani. Matokeo yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja mbinu hiyo haikupitwa na mrija kwa namna ya kutia shaka. Swali lilizaliwa Mbale, likajibiwa Mbale. Linalosikitisha ni kwamba fedha hazikutoka Kampala, wala Nairobi, wala Dodoma.

Kenya ina sheria nzuri. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa ndiyo mgao wake. Mgao huo haujawahi kutimizwa. Katika taifa ambalo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47, wapasuaji wa ubongo ni wachache mno, na kila mmoja amezongwa na majeruhi wa barabarani na wa bodaboda kabla hajamfikia mwenye uvimbe. Kuwaundia tuzo ya kila mwaka, yenye hafla hotelini na hotuba ya waziri, ni rahisi, na pengine ndilo litakalofanywa kwanza. Lenye maana ni kumlipa daktari mmoja mmoja siku mbili za juma kwa miaka mitano, ili aanzishe rejista ya uvimbe wote unaotolewa katika hospitali za rufaa, ahifadhi vinofu vyake na kuwafuatilia wagonjwa hadi vijijini kwao. Cushing alianza hivyo hivyo, kwa mitungi na daftari.

Katika kazi hiyo lipo fungu la wanafunzi wa Kiswahili. Kamati za maadili hudai kwamba mgonjwa atoe ridhaa kwa lugha anayoielewa. Sasa neno uvimbe hubeba kwa pamoja jipu la shavuni, alama ya kuumwa na nyuki, na glioblastoma. Saratani, lililotoka katika neno la Kiarabu la kaa wa baharini, humtisha mgonjwa hata pale uvimbe wake si wa saratani. Jaribio la tiba huitwa majaribio, na mgonjwa husikia kwamba anafanyiwa mchezo. Mgonjwa akitia sahihi bila kuelewa, utafiti mzima una doa, hata ukitunukiwa vipi ng'ambo. Tafsiri ya fomu hizo isiwe kibarua cha jioni moja cha karani anayejua kuchapa. Ni kazi ya wataalamu wa istilahi wakiketi na mpasuaji na wagonjwa wenyewe, na inafaa ilipwe kutoka katika fungu lile lile linalonunua hadubini.