Simu imeuona muhogo unaoza, vigogo bado wanapiga picha!

Ndugu msomaji, wewe uliyekaa kijiweni na gazeti hili mkono mmoja, mkono wa pili kipande cha muhogo wa kukaanga kilichopakwa pilipili, hebu kipasue hicho kipande ukitazame ndani kabla hujakitafuna. Ukikuta mchirizi wa kahawia katikati ya ule weupe, usimgombeze mama muuzaji. Hiyo kesi ni ya wakubwa.

Ugonjwa huo unaitwa michirizi kahawia, na umeuzidi umri Uhuru wetu. Mtaalamu mmoja Mwingereza aitwaye Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga. Hapa hapa kwetu! Ubaya wake ni kwamba una siri. Juu mmea unaweza kusimama vizuri tu, majani yana madoa ya njano ambayo mtu anaweza kudhani ni uzee. Mama analima, anapalilia, anangoja mwaka mzima. Siku ya kuchimba anakuta mizizi imeoza kama gogo lililoliwa na mchwa. Una nduguye pia, batobato, anayekunja majani. Wote ni virusi, na wote hubebwa na nzi weupe wadogo na pingili za kupandia.

Sasa sikiliza habari ambayo hukuambiwa kwenye mikutano yao ya hadhara.

Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani waliingia kwenye mashamba ya muhogo ya Pwani yetu, wakapiga picha za majani kwa maelfu, mabovu na mazima. Picha hizo wakailisha kompyuta mpaka ikajifunza kutofautisha. Mwaka 2017 walichapisha kwamba mashine imepatia mara 93 kwa 100 kwenye picha ambazo haikuwahi kuzisomea. Ikatengenezwa programu ya simu, ikapewa jina la Kiswahili: Nuru. Unaisogeza kamera kwenye jani, inakwambia jani linaumwa nini. Ukishaipakua haihitaji tena kifurushi, inafanya kazi hata porini pasipo na mtandao. Na ni bure!

Mimi si mtu wa kushangilia kila kinachotoka Ulaya na Marekani. Shambani kuna jua kali, kivuli na upepo, hivyo mashine haikuweza kupatia kama ilivyopatia kwenye picha. Walipoipima na kutangaza mwaka 2020, kwa jani moja ilipatia 65 kwa 100. Lakini kaa vizuri kwanza. Mabwana shamba waliopimwa pamoja nayo walipata kati ya 40 na 58. Wakulima wenyewe, kati ya 18 na 31. Na ukiionyesha majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, mashine inapanda mpaka kati ya 74 na 88.

Umesikia? Simu ya mkononi imempita bwana shamba. Na simlaumu bwana shamba. Mwaka 2022 walimpa pikipiki kwa sherehe Dodoma, kamera zikamulika. Lakini yeye ni mmoja, vijiji ni vingi, na ugonjwa unaojificha humjui kwa kupita barabarani na pikipiki, hata iwe mpya.

Niliipakua hiyo Nuru, nikaenda nayo Mkuranga kwa shangazi yangu. Shangazi ana kitochi, simu janja anaziona kwetu sisi watu wa mjini. Nikapita shamba zima kama daktari, jani moja baada ya jingine, simu inasema ugonjwa, ugonjwa, ugonjwa. Shangazi akanitazama mpaka nikamaliza, akaniuliza: "Sawa mwanangu, nimekusikia. Sasa pingili nzima zinapatikana wapi?"

Nikakosa jibu. Niambie wewe, ungemjibu nini?

Maana hapo ndipo penye uchafu wote. Michirizi kahawia haina dawa. Hakuna cha kupuliza wala cha kumwagia. Mbolea ya ruzuku haiponyi virusi. Njia ni moja: kung'oa zilizougua na kupanda pingili safi za aina inayovumilia, kama Kiroba, inayojulikana vizuri huku Pwani. Lakini mfanyabiashara wa mbegu haoni faida katika muhogo, kwa sababu mkulima akinunua leo, mwakani anakata pingili zake mwenyewe na kumgawia jirani. Pingili ni mzigo mkubwa na hukauka upesi. Kazi kama hiyo, ambayo soko haliitaki, ndiyo tunayoitozea kodi serikali iifanye. Kama haifanyi, shangazi anaomba pingili kwa jirani, na jirani anampa pamoja na ugonjwa.

Watakwambia takwimu hazipo. Uongo! Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, kila shilingi uliyomtumia mama yako ilionekana ikakatwa, mpaka wananchi walipopiga kelele wakaipunguza mwaka ule ule. Mwaka 2022 wakasajili wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na kila aliyejiandikisha akapewa namba. Basi mitambo wanayo na majina wanayo. Mtume kijana mmoja wa kidato cha nne kila kata, mpe simu moja yenye Nuru, apite mashambani apige majani sita kila shamba na aandike kijiji. Ukizikusanya picha hizo juu ya yale majina ya wakulima, unapata ramani: huku kumeoza, huku kuzima, lori la pingili lianzie hapa. Hiyo ndiyo kazi ya takwimu. Na ajira hizo wangezipata hao hao tunaoambiwa kila siku tujiajiri!

Badala yake tunapata Nane Nane. Kila Agosti mashangingi yanapaki, mkubwa anapita mabandani, anainua ndege isiyo na rubani, anacheka, picha inapigwa, anaondoka. Mwaka 1972 ilikuwa Siasa ni Kilimo. Mwaka 2009 ikawa Kilimo Kwanza, tukaletewa pawatila. Sasa wanaimba akili mnemba. Muhogo wa shangazi umeoza katika nyimbo zote tatu.

Kwa hiyo usingoje. Pakua hiyo Nuru leo, na ukienda nyumbani kusalimia, pita shambani kwa mama kabla hujaketi kula. Hesabu mashina yaliyougua, andika. Kisha nenda kwa diwani wako na hiyo karatasi, umuulize swali moja tu: wilaya yetu ina ekari ngapi za kitalu cha pingili safi za muhogo, na ziko kijiji gani? Akianza kukueleza habari za ndege zisizo na rubani, mwambie umekuja kwa ajili ya pingili.