Koroma si Nazi Mbovu

Vijana wenzangu wa Kilwa na Lindi, mnaoandika mashairi ya kuilaani siasa halafu siku ya kura mnalala mpaka adhuhuri, leo nina ugomvi na nyinyi.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, kuanzia Somanga mpaka Mchinga, vijiweni wimbo ni mmoja: ati hao wote lao moja. Huyu kauza ardhi ya kijiji, mwenziwe hata hesabu ya mapato hawezi kuisoma. Basi bora tukae! Wazee nao wanaongeza: mchagua nazi hupata koroma, chukueni yeyote. Hapo nabisha. Sisi watu wa pwani, nani asiyejua kwamba koroma si nazi mbovu? Koroma haijakomaa tu. Mbovu imeoza, na wazee hao hao ndio waliosema nazi mbovu harabu ya nzima.

Kwamba tunaletewa wagombea wenye kasoro, sikatai. Sheria yetu hairuhusu mgombea binafsi. Hata kijijini lazima upite mlango wa chama. Marehemu Mchungaji Mtikila alishinda kesi ya jambo hilo mwaka 2013 katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, na mlango haujafunguliwa. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, CCM ikachukua karibu viti vyote. Palipo na jina moja hakuna uchaguzi, pana mapokezi.

Lakini palipo na majina mawili, hata ya chama kimoja, kura ina meno. Enzi za chama kimoja babu zetu walipewa alama mbili, jembe na nyumba, na wagombea wote wa TANU. Mwaka 1965 waliwaangusha wabunge kibao, akiwamo waziri wa fedha, Paul Bomani. Hawakusema lao moja.

Na tofauti ya koroma na mbovu tumeiona kwa macho. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, magogo ya kusini yalipata njia. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya 2007 ilionyesha jinsi vijiji vilivyopunjwa, na viongozi wa ngazi mbalimbali, wa vijiji wakiwamo, wakiwa ndani ya mchezo. Baadaye vijiji kama Kikole na Nanjirinji, hapa hapa Kilwa, vilisimamia misitu yake vyenyewe, vikauza miti kwa utaratibu, pesa ikaingia kijijini. Muhuri wa kijiji ni ule ule. Kilichotofautiana ni wanakijiji kujua kinauzwa nini na kwa bei gani.

Kwa hiyo mtikise mgombea kama unavyotikisa nazi sokoni. Muulize: ulipokuwa na madaraka, ulisoma mapato na matumizi mbele ya watu? Uliwahi kusaini kitu ambacho mkutano mkuu haukijui? Asiyejua hesabu anafundishika, na hapo ndipo penye kazi yenu nyinyi wenye kalamu: kaeni naye, mmsomee. Aliyeuza ardhi kisirisiri keshahitimu, hana la kufundishwa.

Mpeni kura koroma, kisha msimwache peke yake. Sheria Na. 7 ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na unatakiwa kukaa kila miezi 3. Mwenyekiti anakaa miaka 5. Piga hesabu: kura ni siku moja, mikutano ni 20.

Waliochaguliwa Novemba 2024 wako ofisini, na mikutano yao inahesabika. Nani kati yenu amehudhuria hata mmoja?