Kabla ya kumlaumu mama, litazamwe ini

Mwanamke anayeishi kisiwa cha Kilwa, ndani ya Ziwa Mweru, hafiki hospitali ya St Paul's kule Kashikishi, wilayani Nchelenge, Zambia, bila kupanda boti. Kwa mtu kama huyo, njiti za uzazi wa mpango ni nafuu kubwa. Ni mbili, nyembamba kama vijiti vya kiberiti; huwekwa chini ya ngozi ya mkono na kutoa homoni ya levonojestreli kidogo kidogo kwa miaka mitano. Safari ya kufuata sindano kila miezi mitatu haipo tena.

Ila ulinzi wa njiti hizo hutegemea ini nalo linafanya nini.

Katika kiini cha seli ya ini kuna protini iitwayo PXR, mojawapo ya vipokezi vya kiini. Ilitambuliwa mwaka 1998, na herufi yake ya kwanza inatokana na ukoo wa steroidi ambamo projesteroni imo. Steroidi ikizidi, PXR huinasa, hushikana na mwenzake RXR, kisha hukaa juu ya DNA na kuiwasha jeni inayotengeneza kimeng'enya CYP3A4. Kimeng'enya hicho huzisaga steroidi ili zitoke mwilini.

Shida ni kwamba PXR hainasi steroidi peke yake. Kama wavu wa macho madogo wa wavuvi wa chisense, samaki wadogo wa ziwani, huzoa kilichotafutwa na kisichotafutwa. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hunaswa humo. Efavirenzi, dawa ya VVU, nayo huliamsha ini kwa njia hiyo hiyo na kupitia kipokezi jirani, CAR. Ini likishaamka, homoni ya njiti nayo husagwa.

Kampala ilionyesha matokeo yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wanawake 20 waliokuwa wakitumia efavirenzi waliwekewa njiti. Homoni katika damu yao ilikuwa pungufu kwa takriban nusu, ikilinganishwa na wenzao wasiotumia dawa za VVU. Watatu walishika mimba kabla mwaka haujaisha. Hawakusahau kidonge, maana hakukuwa na kidonge cha uzazi wa mpango cha kusahau.

Zambia imekwisha kuhama kutoka efavirenzi kwenda dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, ambayo haiwashi jeni hiyo. Rifampisini bado ipo, na dozi ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Mgonjwa anayemeza dawa hizo mbili pamoja huongezewa dolutegraviri, mara mbili kwa siku, kwa sababu ini lililoamka huimaliza upesi. Ikiwa hesabu hiyo hufanywa kwa kidonge, ifanywe pia kwa njiti. Meza ya kifua kikuu na meza ya uzazi wa mpango zisiwe kama ng'ambo mbili za ziwa: swali moja, "Mama, una njiti?", liandikwe kwenye kadi ya kila mwanamke anayeanza dozi.

Naye mwenye njiti asiache dawa za kifua kikuu wala asikimbilie kuzitoa njiti. Amwambie muuguzi siku hiyo hiyo. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviyumbishwi na rifampisini, na kondomu zitumike hadi walau wiki nne baada ya dozi kwisha.