Nguvu Mpya, Breki za Zamani

Mwezi uliopita nilikwenda Kapsoit, mji mdogo ulioko kwenye barabara itokayo Kericho kwenda Kisumu, kumjulia hali mtoto wa kaka yangu ambaye ni fundi wa magari huko. Sisi watu wa Mombasa tukifika kule hatuna la kuzungumza ila baridi, na mvua ambayo huja alasiri kana kwamba imevaa saa. Safari hii nilikuta jambo jingine. Baada ya sala ya Magharibi kijana alinitolea karatasi iliyojaa hesabu, akasema, "Ami, nipe shauri. Nataka kuingia mashindano ya magari."

Mashindano yenyewe ni yale ya kuzunguka kiwanja cha vumbi, yaitwayo autokrosi. Akiba yake ya miaka mitano yatosha mojawapo ya mambo mawili. Aweza kununua Subaru Impreza ya aina ya STI, ambayo hutoka kiwandani na turbo yake, giaboksi ya gia sita na, kwa kawaida, breki kubwa za Brembo. Au anunue Impreza ya kawaida isiyo na turbo, kwa nusu ya bei, kisha ashuke Kirinyaga Road, Nairobi, atafute turbo, ekzosi pana na springi fupi. Kwa hesabu yake gari la pili lingekuwa na nguvu zaidi, na fedha zingebaki. Na katika fedha hizo, msomaji, mna mahari.

Nilimwambia achukue la kwanza au asichukue lolote.

Kama nilivyotazamia, alinitajia Joginder Singh. Kule hakwepeki, maana alizaliwa Kericho mwaka 1932, na nchi nzima ikamwita Simba wa Kenya. Kijana akasema, je, mwaka 1965 Joginder na nduguye Jaswant hawakushinda Safari kwa Volvo kuukuu waliyoitengeneza kwa mikono yao? Ni kweli, walishinda. Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na alichotafuta katika Volvo ile ni isivunjike njiani. Tazama tena mwaka 1974. Alishinda kwa Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600, na nyuma yake, wa pili, akaja Waldegård wa Sweden katika Porsche 911 yenye injini kubwa na nguvu nyingi kuliko yake. Kama nguvu peke yake ingetosha, kombe lingekwenda Sweden.

Vijana hudhani gari la kiwanda la aina hii ni gari la kawaida lililopakwa rangi na kuongezwa bei. Sivyo. Kanuni za Group A, ambazo ndizo zilizozaa magari haya, zilimtaka mwenye kiwanda aunde magari 5,000, baadaye 2,500, kabla ya kuruhusiwa kushindana. Kwa hiyo wahandisi walipotia turbo walibadilisha pia pistoni, wakapunguza kiasi cha kubana hewa katika silinda, wakapanua njia za kupoza, wakaimarisha giaboksi. Injini isiyo na turbo hubana hewa zaidi. Ukiisukumia hewa ya turbo bila kubadilisha kitu, mafuta huwaka kabla ya wakati wake na pistoni huyeyuka au hutoboka. Fundi mzuri aweza kuyatengeneza yote hayo, lakini akimaliza bei imefika ile ile ya STI, pengine imeipita.

Nina sababu yangu ya kuwa mkali. Mwaka 1983 nilikuwa na Datsun 1200, nikaitia kabureta mbili na ekzosi iliyosikika Likoni. Breki niliziacha zile zile za ngoma. Siku moja nikiteremka kutoka Mazeras, kanyagio likashuka hadi sakafuni. Mafuta ya breki huvuta unyevu, hasa pwani kwetu. Yale yaitwayo DOT 4 huchemka kwenye digrii 230 yakiwa mapya, lakini yakishakunywa maji yaweza kuchemka kwenye 155 tu. Yangu sijui yalikuwa na umri gani. Lundo la mchanga lilituokoa, lakini binamu yangu aliyekuwa ubavuni mpaka leo hainui mkono wa kushoto kupita bega. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Kijana alikuwa na hoja moja nzuri. Kericho iko kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari, na kwenye hewa nyepesi namna hiyo injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Nami nikamjibu, basi nunua iliyozaliwa na turbo.

Sisemi maduka ya nje hayana faida. Kiwanda cha Japani hakikujua mawe ya Kapsoit. Bamba la chuma chini ya injini, tairi zinazofaa tope, pedi na mafuta mapya ya breki, mshipi wa maana wa kiti: hivyo anunue dukani, tena kwanza. Springi fupi aziachie wanaokwenda harusini.

Lakini liko tatizo. Subaru waliacha kuiuza STI huko Japani mwaka 2019, na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hiyo STI nyingi anazoweza kuzimudu zimo nchini siku nyingi, na zimepita mikono mingi. Nilimwambia afungue moja baada ya moja, ahakikishe kwamba kilichomo ndicho kilichotoka kiwandani.

Juzi usiku amenipigia simu. STI aliyoitamani imekutwa na turbo isiyo yake, na kompyuta ya injini imechezewa. Mwenyewe haoni haya, ataka bei ile ile. Nimemwambia angoje, atazame nyingine Nakuru. Mahari nayo, alhamdulillahi, haijapanda.