Mwenzako Akinyolewa: Kofia ya Baridi na Haki ya Mfanyakazi Mgonjwa



Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Safari hii tunaitumia methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa, kwani habari tunayotaka kuizungumza ni habari ya nywele. Tunajua wako watakaocheka. Watasema: Chama kina madai ya mshahara, kina madai ya nyumba na usafiri, kina kesi za watu waliofukuzwa bila notisi, hizi nywele zimetoka wapi? Tunawaomba wenzetu hao watuvumilie hadi mwisho, kisha wacheke ikiwa bado watakuwa na hamu ya kucheka.

Si zamani sana mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, mshonaji katika kiwanda ambacho hatutakitaja, alionekana kuwa na saratani ya titi. Alipasuliwa, kidonda kikapona, kisha akapangiwa kutundikiwa dripu za dawa kila baada ya wiki 3. Hakutaka watu wajue. Aliomba ruhusa ya siku moja moja, akisema anamuuguza mama yake. Dripu ya kwanza ilipita, akarudi kwenye cherehani yake, akashona kama kawaida. Wiki ya tatu nywele zikaanza kutoka kwa mafungu kwenye kitana. Akajifunga kitambaa. Msimamizi akamwamuru akivue, kwani kanuni ya kiwanda ilikataza vitambaa karibu na mashine. Akakivua mbele ya safu nzima ya washonaji.

Kabla ya kengele ya chakula cha mchana kiwanda kizima kilikuwa kimekwisha kumhukumu. Wengine walisema ana ukimwi. Wengine walisema amefiwa na anaficha msiba. Wengine wakaanza kukikwepa kikombe chake cha chai. Mwisho wa mwezi alihamishiwa stoo, na mkataba wake ulipomalizika haukufanywa upya. Hakuna barua iliyotaja ugonjwa, wala hakuna barua iliyotaja nywele.

Basi hilo ndilo jambo letu. Saratani haikumzuia mwenzetu kushona. Dawa hazikumzuia kushona. Kilichomtoa kazini ni kipara. Kichwa chake kilitangaza siri ambayo yeye mwenyewe alikuwa na haki ya kuitunza.

Yafaa tueleze kwanza kwa nini nywele hutoka. Dawa za saratani huwinda chembe za mwili zinazojigawa upesi, kwani ndiyo tabia ya saratani. Lakini chembe za mizizi ya nywele nazo hujigawa upesi, na dawa haina macho ya kutofautisha. Dawa kama doksorubisini, ile nyekundu ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa rangi yake, na paklitakseli, hupiga pande zote mbili. Kwa kawaida nywele huanza kutoka baada ya wiki 2 au 3. Kwa watu wengi huota tena matibabu yanapokwisha, lakini huchukua miezi, na mfanyakazi wa mkataba mfupi hana miezi ya kungojea.

Miaka mingi sasa waganga wametafuta njia ya kuzuia jambo hili. Mwaka 1979 madaktari wa Arizona, huko Marekani, walichapisha taarifa kwamba wagonjwa waliopozwa ngozi ya kichwa kwa barafu wakati wa kupewa doksorubisini walibakiwa na nywele zaidi. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Baridi huibana mishipa ya damu, hivyo dawa chache tu huifikia mizizi ya nywele; na chembe za mizizi hiyo zenyewe hupunguza kasi, zikawa kama zimelala. Huko Huddersfield, Uingereza, familia ya Paxman, waliokuwa na kazi ya kutengeneza mitambo ya kupozea bia, walianza katika miaka ya 1990 kutengeneza mashine ya kupozea kichwa, baada ya mama wa nyumba hiyo kupoteza nywele zake kwa matibabu. Wenzao wa Sweden walitengeneza mashine iitwayo DigniCap, nayo ikapata kibali cha serikali ya Marekani Desemba 2015.

Kazi yake ni hivi. Nywele hulowanishwa kwa maji, kisha mgonjwa huvishwa kofia inayopitishwa maji baridi ya mashine. Ngozi ya kichwa hushuka hadi nyuzi kati ya 18 na 22 za Selsiasi. Kofia huvaliwa kama nusu saa kabla ya dripu, wakati wote wa dripu, na mara nyingi saa moja na nusu baada yake. Wengine huumwa kichwa, wengine hutetemeka kwa baridi, lakini wengi huvumilia.

Je, inafaa? Mwaka 2017 yalitolewa Marekani matokeo ya majaribio mawili kwa wanawake wenye saratani ya titi. Katika la kwanza, wanawake 48 kati ya 95 waliovaa kofia walibakiwa na nusu ya nywele zao au zaidi. Katika 47 ambao hawakuvaa, hakubakiwa hata mmoja. Katika la pili, waliofanikiwa walikuwa kama 66 kwa kila 100, na kwa wasiovaa tena hakuna hata mmoja. Hayo si maneno ya wachuuzi wa dawa sokoni. Kofia hufanya kazi, ingawa si kwa kila mtu, wala si kwa kila dawa. Kwa doksorubisini matokeo ni haba kuliko kwa paklitakseli. Tena haifai kwa wenye saratani ya damu, kwani huko dawa lazima ifike kila mahali.

Lakini hapa hatuna budi kusimama, tuulize swali ambalo mfanyakazi wa Afrika ana haki ya kuliuliza: nywele zilizopimwa zilikuwa nywele za nani? Waliojaribiwa wengi walikuwa Wazungu. Mwaka 2021 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa weusi 15, na karibu wote walipoteza nywele nyingi. Jaribio likafungwa mapema. Nywele zetu zikilowana huvimba, na kofia iliyoshonwa kwa kichwa kingine haikai vizuri. Pasipogusana kofia na ngozi, baridi haifiki. Tangu hapo wataalamu wanajaribu kuzisuka au kuzitenga nywele kabla ya kuvisha kofia. Ni jambo jema. Lakini linatuonya tusinunue kitu kwa sababu tu kimesifiwa ng'ambo.

Iko pia habari ya fedha. Huko Marekani matibabu kamili ya kofia humgharimu mgonjwa kama dola 1,500 hadi 3,000. Huko Uingereza mashine nyingi za hospitali za umma zilinunuliwa kwa michango iliyokusanywa na shirika la Walk the Walk. Yaani hata katika nchi tajiri ilibidi watu wachangishane. Kwetu Uganda, mwaka 2016 mashine pekee ya kutibu saratani kwa mionzi katika nchi nzima iliharibika, na wagonjwa wakateseka mpaka mashine mpya ilipozinduliwa mwaka 2018. Katika wodi tulizotembelea hatukuiona kofia ya baridi. Tuliona wagonjwa wanaongojea kiti cha dripu tangu alfajiri. Ukiongeza saa mbili za kofia kwa kila mgonjwa, yule wa mwisho kwenye foleni atarudi kwao bila dawa. Na umeme ukikatika katikati ya dripu, kofia inapata joto na kazi yote imekuwa bure.

Katika kikao cha tawi letu mawazo yalikuwa mawili. Kundi moja lilisema: nywele ni urembo, tudai dawa tu. Kundi la pili likasema: tudai kofia sasa hivi, kwani mfanyakazi wa hapa si mtu wa daraja la pili. Sisi twaona kila kundi limeshika nusu ya ukweli.

Wanaosema nywele ni urembo hawakumwona mwenzetu akivua kitambaa. Wako wanawake wanaoikimbia dripu kwa kuogopa kipara, na kuikimbia dripu ni kulikimbilia kaburi. Hilo si jambo la urembo. Lakini wanaosema kofia sasa hivi wasahau foleni ya alfajiri? La hasha. Dawa kwanza. Shilingi ya umma ikiwa moja, na iende kwenye dawa na kwenye viti vya dripu. Siku itakapopatikana ya pili, kofia isibaki hospitali za matajiri peke yake, na ijaribiwe kwanza kwenye nywele zetu, na wauguzi wetu wafundishwe. Hadi hapo, tunawaonya wanachama: msikubali kuuziwa kofia za barafu mitaani kwa fedha ya karo, wala msijifunge barafu kichwani nyumbani. Barafu isiyosimamiwa huunguza ngozi.

Lakini kuna kofia nyingine ambayo haihitaji umeme wala dola, nayo ni ulinzi wa kazi. Hiyo tunaweza kuidai leo.

Tazameni sheria. Mpango mmoja unaotumika sana kwa saratani ya titi ni dripu 4 za doksorubisini, moja kila wiki 3, kisha paklitakseli kila wiki kwa wiki 12. Jumla ni siku 16 za dripu katika wiki 24. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka mwezi mmoja wa mshahara kamili kwa mgonjwa. Mwezi wa pili ukiisha naye hajapona, mwajiri akapewa ruhusa ya kuuvunja mkataba. Wakati huo mgonjwa hajafika hata nusu ya dripu zake. Ya Kenya ya mwaka 2007 iliweka siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Hizo hazitoshi hata siku za dripu peke yake. Ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka siku 126 katika miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Kumbe majirani wanaweza. Tena sheria yetu ilikataza ubaguzi kwa sababu ya virusi vya ukimwi na ulemavu, lakini saratani haikuitaja kwa jina.

Kwa hiyo twasema, sheria ni sakafu, siyo dari. Katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa hali bora, kila tawi lidai haya. Kwanza, siku za dripu zihesabiwe moja moja, kwa mshahara, wala zisiunganishwe kuwa kisingizio cha kumwachisha mtu. Pili, ugonjwa wa mfanyakazi ubaki kati yake na mganga, wala msimamizi asipewe cheti cha kusoma. Tatu, penye mashine, kiwanda kitoe kofia ya kazi inayobana kichwa vizuri kwa kila mfanyakazi, mwenye nywele na asiye nazo, ili asitambulike mmoja. Nne, mfuko wetu wa kusaidiana ulipie nauli ya hospitali na, kwa anayetaka, nywele za bandia.

Dai la tatu ni la bei ndogo kuliko yote, na kama lingekuwapo, mwenzetu angekuwa bado kwenye cherehani yake. Msimamizi alikuwa na haki ya kuhofia mashine. Hakuwa na haki ya kumvua mtu utu wake mbele ya wenzake. Nasi tuliokuwa kwenye safu ile, tuliotazama tukanyamaza, hatuna haki ya kumlaumu msimamizi peke yake.

Sasa anauza maandazi kituo cha basi. Dripu zake amezimaliza, nywele zimeota. Tukipita anatusalimu vizuri kuliko tunavyostahili. Tawi limeandika barua ya kumdai arudishwe kazini, na tunawaomba matawi mengine yatie sahihi kabla ya kikao cha mwezi ujao.