UCHANGANUZI: Uvumi kuhusu sindano ya kupanga uzazi hautazimwa kwa kimya

MWANAMKE wa Litein, Kaunti ya Kericho, anayetaka kupanga uzazi huenda akatazama video ya TikTok kabla ya kumwona muuguzi. Huko mitandaoni, sindano ya miezi mitatu hushutumiwa kuwa huharibu kizazi.

Madai hayo si ya kweli, lakini hayakuzuka hivi hivi. Aliyeacha sindano aweza kukaa miezi kadhaa, hata mwaka, kabla ya kushika mimba. Hedhi nayo huvurugika. Asiyeelezwa hayo mapema huamini ametiwa utasa, na ushuhuda wake huwatisha wengine. Anayeacha sindano kwa hofu bila kuchagua njia nyingine hujiweka katika hatari ya kupata mimba asiyoitarajia.

Hata hivyo, uvumi haujauangusha mpango huo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya wanawake walioolewa nchini walitumia mbinu za kisasa, ikilinganishwa na asilimia 53 mwaka wa 2014.

Kuwakejeli wanaolalamika ni kuwarudisha kwenye simu zao. Katika maeneo hayo yanayokuza majanichai, zahanati zinapaswa kueleza madhara kabla ya sindano kudungwa, si baada ya malalamishi.